Makopo ya Mkwe Wangu

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, unasubiri jina lako liitwe huku moyo ukienda mbio na wewe umekaa tu, basi nimekuandikia wewe. Sitakufundisha udaktari. Mimi kazi yangu ilikuwa kufunga marobota ya pamba, na ninachokijua kuhusu moyo ni jinsi unavyosikika sikioni ukilalia ubavu wa kushoto. Nitakuambia nilichokunywa, nani alinipa, na kwa nini nilinyamaza.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Bariadi bado ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga, na jina la Simiyu tulilijua kama la mto tu. Kiwanda cha ushirika nilichoanzia kazi kilikuwa kimefungwa, nyasi zimeota hadi kwenye mizani, na sisi tuliokuwa tukikisema vibaya kila siku tukaanza kukikumbuka kama marehemu. Nikaajiriwa na mwenye kiwanda mmoja binafsi. Ushirika ulikuwa na zamu tatu. Huyu alikuwa na zamu mbili, na msimu ukikolea akawa na zamu moja, nayo haiishi.

Hapo ndipo nilipoijua kahawa. Kwetu Wasukuma kahawa si mila. Nimekuzwa kwa uji, maziwa ya mgando na maji ya kisima. Lakini nje ya geti la kiwanda alikuwapo Mzee Athumani na birika lake juu ya mkaa, na ndoo ya kusuuzia vikombe, na kashata kwenye sinia. Kikombe cha kwanza kilinikunja uso. Cha pili nikakinywa kwa sababu cha kwanza kilikuwa kimenifungua macho. Baada ya miezi michache Mzee Athumani hakuniuliza tena, alikuwa akiniona natoka getini anaanza kumimina. Kazi ilikwenda. Usingizi ukapungua, nikaona ni faida.

Siku nilipoanguka ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nakaza waya wa robota. Mikono ilikuwa ikitetemeka tangu wiki iliyopita, nami nilikuwa nikiikemea kimoyomoyo, haisikii. Moyo ukaruka, ukatulia kama umesahau kazi, ukaruka tena, kisha nikaiona sakafu inakuja. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa juu ya pamba, wenzangu wamenizunguka wanapiga kelele, na nilichowaza ni kwamba kumbe pamba ni laini. Miaka yote ile sikuwahi kuilalia.

Hospitalini nilikaa wiki nzima. Daktari alikuwa kijana wa Bukoba, mpole, anayependa utani. Alinipima presha mara tatu, kila mara akitikisa kichwa.

"Kahawa vikombe vingapi kwa siku, mzee?"

"Sivihesabu."

"Basi ni vingi. Sisi kwetu kahawa tunaitafuna kabisa, lakini wewe iache. Moyo wako unapiga ovyo. Iache kabisa, pumzika, umeze hivi vidonge, urudi hapa kila mwezi. Tukifika mwezi wa tatu haujatulia, nitakuandikia rufaa ya Mwanza."

Mtaani kwetu nilijua watu wawili waliopelekwa Mwanza kwa ajili ya moyo. Wote wawili walirudi nyuma ya pikapu, na mimi nilikuwa mmoja wa wale tuliokaa kandokando ya sanduku tukiimba. Nilipaswa kuogopa. Nilimsikia daktari kama anamzungumzia mtu wa kitanda cha pili. Mke wangu Minza alikuwa amesimama pale, amejifunika mdomo kwa mkono, nikamwona analia, nikajiuliza anamlilia nani.

Ganzi hiyo ilinikaa karibu mwaka mzima. Naitaja mapema ili ikikupata usidhani umekuwa mtu mbaya.

Sasa nimlete mkwe wangu. Mama yake Minza anakaa Mwamapalala. Jina lake sitaliandika hata hapa, maana jina la mama mkwe halitamkwi na mkwewe. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawali pamoja, hawakai pamoja, hawatazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anapisha. Ukitaka kumwambia neno unamwambia mkeo, naye anamwambia mama yake, hata kama mama yake yuko hatua tano tu na amesikia kila kitu. Vijana wa mjini wanatucheka. Mimi sicheki, kwa sababu yule mama alinipa heshima hiyo miaka kumi na sita bila kuteleza hata siku moja, nami nilimrudishia.

Alikuja wodini siku ya tatu. Hakuingia. Alisimama nje ya dirisha, ametupa mgongo, akamwita binti yake.

"Minza, mwulize mume wako ameamkaje."

"Mama anauliza umeamkaje."

"Mwambie nimeamka salama."

"Mama, anasema ameamka salama."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mfanyabiashara aliyetoka mbali, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Mkwe wangu hakugeuka. Alitoa makopo matatu chini ya kanga yake, mekundu, yenye picha ya radi, akampitishia Minza dirishani. Muuza duka wa sokoni alikuwa amemwambia kimekuja kinywaji kipya kutoka nje, cha kuongeza nguvu, na mtu aliyeishiwa nguvu akinywa hicho anasimama. Siku hizo kila kilichokuja kutoka nje tulikiamini, na nguvu na damu kwetu ni kitu kimoja. Kwa mkwe wangu ile ilikuwa dawa ya damu.

Kopo lile lilikuwa na kasoro moja, lilifanana na la bia. Minza alikuwa mwimbaji wa kwaya, na ndugu wa kanisani walikuwa wanakuja kuniombea mchana na jioni. Angeonekanaje? Basi akawa anamimina kile kinywaji kwenye kikombe cha plastiki cha kijani chenye kifuniko, na kopo tupu analifunga kwenye kitenge anaondoka nalo. Manesi walidhani ni juisi. Na mimi sikuuliza ni nini. Mgonjwa haulizwi uji, na zaidi ya hapo, kitu kilichotoka kwa mkwe hakikataliwi wala hakigawiwi mtu mwingine. Nikanywa.

Kilikuwa kitamu, cha baridi, chenye harufu ya peremende. Baada ya muda mfupi nikakaa kitandani mwenyewe bila kushikwa. Minza akapiga makofi. Habari ikafika Mwamapalala kabla hata sijaruhusiwa kutoka hospitali, na kuanzia hapo kila siku ya mnada makopo yalikuja. Minza aliniambia kwamba banda la mama yake limebaki na jogoo peke yake.

Kahawa niliiacha kweli. Nataka uniamini hapo. Kichwa kiliniuma siku mbili tu, nikasifiwa kwa ushujaa, kumbe nilikuwa nimetoka kwa Mzee Athumani nikaingia kwenye makopo. Nikipita getini nilikuwa navuka upande wa pili wa barabara nisisikie harufu. Mzee Athumani alikuwa akinipungia mkono, naye hakuwa na kinyongo.

Mwezi wa kwanza wa kliniki nilikaa kwenye benchi tangu alfajiri hadi saa saba. Benchi lile lina msumari upande wa dirishani, ukienda uulizie kwanza kabla hujakaa. Nilikuwa nimekonda, mkanda nimeutoboa tundu jipya. Nilitoka jasho viganjani na nyayoni. Nilikwenda haja ndogo kila mara, nikirudi nakuta nafasi yangu imechukuliwa, nasimama.

"Kahawa?" daktari akauliza.

"Nimeacha."

"Kweli?"

"Kamwulize Mzee Athumani, analia njaa."

Alicheka, akanipima, akaacha kucheka. Vidonge vikaongezwa.

Mwezi wa pili yakawa yaleyale, na vidonge vikaongezwa tena. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanguka, watu wanapanda, na mimi nimekaa mlangoni na kikombe cha kijani mkononi, natazama wengine wanavyoinama shambani kwangu. Nilikunywa makopo mawili kwa siku, mara nyingine matatu. Nilipojisikia vibaya niliongeza, maana si ilikuwa ya nguvu? Minza aliacha kulala kitandani. Alisema kitanda kinatetemeka pamoja nami, akatandika mkeka chini karibu na binti yetu Limi. Siku moja alinitupia ufagio, si kwa kunilenga, akaniambia, "Baba Limi, nakwambia mtoto amepata namba mbili darasani, unaniangalia kama ukuta!" Alikuwa na haki. Nilijua hilo ni jambo la kufurahia, nikaitafuta furaha yake mahali pake, sikuikuta. Nikamwambia vizuri. Akaenda kulia jikoni.

Usidhani hakukuwa na wema wowote. Mwenzangu wa kiwandani alikuwa anakuja Jumapili kuninyoa ndevu, kwa sababu mkono wangu na wembe vilikuwa havipatani. Alikuwa ananyoa bila kuzungumza. Nilipenda hivyo.

Mwezi wa tatu ukafika katikati ya palizi. Hiyo ndiyo kliniki ya rufaa. Minza hakuweza kuliacha shamba, magugu yalikuwa yamefika magotini, basi nikaenda peke yangu. Aliniwekea kopo mfukoni mwa koti akasahau kikombe. Nimekaa kwenye benchi saa tatu, saa nne, koo limekauka. Nikalifungua kopo, nikanywa mbele za watu. Mama mmoja mwenye Biblia akasogea mbali nami.

Nesi mmoja mtu mzima akanijia mikono kiunoni. "Baba, unakunywa pombe hapa?"

"Si pombe, sista. Ni ya kuongeza nguvu."

Alilichukua, akalinusa, akaligeuza kusoma maandishi madogo ya nyuma. Akasoma mara mbili. Hakunirudishia. Alinishika mkono, akanivusha foleni yote, watu wakinung'unika, akanipeleka kwa daktari na kulitua kopo mezani. Pale mezani niliiona karatasi ya rufaa, jina langu limeshaandikwa juu.

"Unakunywa haya tangu lini?" daktari akauliza. Hakuwa na utani.

"Tangu wodini."

"Wodini hapa? Mangapi?"

Nilimwambia. Akaegemea kiti, akajifuta uso kwa kiganja. "Mzee wangu, kile nilichokukataza kwenye kahawa ndicho kilichomo humu. Nimekufungia mlango, wewe umepitia dirishani. Na mimi sikukuuliza. Nilikuuliza kahawa tu."

Watu wengi wameniuliza tangu siku ile kipi kibaya zaidi, kahawa au makopo. Mimi nasema kama mnywaji. Kahawa ya Mzee Athumani ni kikombe kidogo, cha moto, chungu. Inakuchoma ulimi, inakulazimisha unywe taratibu, na uchungu wake unakukumbusha kwamba unakunywa kitu. Nilijiumiza nayo kwa kurudiarudia. Kopo ni kubwa, baridi, tamu, linapita kooni kabla hujaketi, na sukari yake inakubembeleza ufungue jingine. Kahawa hakuna aliyeniambia ni dawa. Kopo nilipewa kama dawa, nikalinywa nikiwa mgonjwa, nikijisifu kwamba najitunza. Daktari baadaye aliniruhusu kikombe kimoja cha kahawa asubuhi kama nataka. Makopo hakuniruhusu hata kuyaramba. Wewe muulize daktari wako, na umtajie kila unachokunywa hata kama hajauliza, hata kama unadhani ni juisi.

Karatasi ya rufaa aliiweka kwenye droo. "Nakupa wiki nne," akasema.

Wiki ya kwanza nililala kama mtoto mchanga, kichwa kinagonga, nikiamka natapika. Wiki ya pili mkono ukaacha kutetemeka asubuhi. Wiki ya tatu Minza alikunja mkeka, akarudi kitandani. Wiki ya nne daktari alinisikiliza kifua kwa muda mrefu, akafungua droo, akaichana ile karatasi. Nesi yule akashangilia. Mimi nilisema asante. Nilijua nimepona, lakini nilijua kama unavyojua jina la mji ambao hujafika.

Kulikuwa na jambo lililobaki. Makopo yaliendelea kuja.

"Nimwambie mama nini?" Minza aliuliza. "Kwamba alikuwa anakuua? Ameuza kuku wote. Atakufa kwa aibu. Baba Limi, acha. Pokea, tuweke uvunguni."

Nikaacha, tukaweka uvunguni. Ilikuwa rahisi kwa sababu mimi na yule mama hatuzungumzi, na kunyamaza kwetu kulishakuwa adabu. Nikajiambia ni heshima. Wazee wanasema mficha maradhi kilio kitamfichua, na mimi nilikuwa nimeficha maradhi yaliyokwisha, nikadhani methali hainihusu.

Kumbe mkwe wangu alikuwa ametuona tunapokea, ameniona nimenenepa, amejumlisha. Alisimulia kanisani, kisimani, kwenye msiba, kwamba kinywaji chake ndicho kilichomponya mkwe wake.

Baada ya mavuno ya mpunga, mdogo wake Minza, Kabula, alijifungua mtoto wa kwanza, akawa kwa mama yake Mwamapalala. Tukaenda kumwona mtoto. Nilikaribishwa kigoda nje, kwenye kivuli cha ukuta, nimelipa jiko mgongo kama inavyopasa. Kabula akatoka kuota jua na mtoto wake analia.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, ila halali. Ananyonya analia, analia ananyonya. Hata mimi silali. Moyo unanienda mbio, na mikono hii, ona."

Akanyoosha mkono mmoja. Niliutazama ukitetemeka. Niliujua.

Minza akatoka jikoni na kikombe cha kumpelekea mdogo wake. Harufu ya peremende ikanifikia kabla yake. Naye nadhani ndipo akatambua alichobeba, kwa sababu alisimama katikati ya ua, akanitazama. Kutoka jikoni sauti ya mama yake ikasema, "Minza, mwambie mdogo wako anywe lote. Mwambie ndilo lililomponya shemeji yake. Linaingia mpaka kwenye maziwa, na mtoto atapata nguvu."

Nilisubiri Minza aseme. Midomo yake ilifunguka, ikafungika. Nikajua kwamba hata nikimtuma yeye, neno litafika jikoni limelainishwa, na Kabula atapewa nusu kikombe badala ya kizima. Nikasimama. Nikageuka, nikaukabili mlango wa jiko, nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe, nikimwita mayu, yaani mama.

"Mayu, usimpe. Hayakuniponya. Moyo wangu ulikuwa unaharibika kwa sababu ya hayo. Nilipona nilipoyaacha, na sikukuambia."

Kisha mkwe wangu akatokea mlangoni, kanga iko mabegani, kichwa wazi. Miaka kumi na sita, na ile ndiyo mara ya kwanza kumwona uso. Ana macho ya Minza.

"Ulijua lini?" akaniuliza. Mimi, si binti yake.

"Wakati wa palizi."

"Na baada ya palizi nikakuletea mengine."

"Ndiyo, mayu."

"Ukapokea."

"Ndiyo, mayu."

Hakunitukana. Alishuka hatua mbili, akamshika Kabula mkono, akautazama unavyotetemeka, akaurudisha taratibu juu ya mtoto. Akachukua kikombe kwa Minza na kukimwaga chini ukutani, chote. Hapo ndipo ganzi iliponitoka. Sikuwa nimelia nilipoanguka, wala wodini, wala rufaa ilipochanwa. Nililia pale, mwanamume mzima, uani kwa wakwe, nikashindwa hata kukaa kwenye kigoda.

Mkwe wangu alivuta kanga akajifunika kichwa, akanigeuzia mgongo kama siku zote. Kisha akamwambia binti yake, ingawa mimi nilikuwa hatua tatu tu nyuma yake, "Minza, mwambie mume wako nimesikia. Halafu mwulize, moyo wake leo unapigaje."

Minza akanigeukia, naye machozi yamemjaa. "Mama anauliza moyo wako leo unapigaje."

Nikaweka kiganja kifuani, nikasikiliza.

"Mwambie unauma," nikasema. "Lakini unapiga sawasawa."